Bar Mia Mbili za Massoudi

Buyenzi, Bujumbura
4 Februari 1970

Kwa dada yangu Sijaona, Ujiji,

Amani ya Mungu iingie nyumbani kwako kabla ya barua hii, imkute mama, shemeji na watoto wote. Huku tu wazima. Mvua ndiyo inayotutawala. Byamungu, yule rafiki yangu mchomeleaji wa kutoka Bukavu, anakaa Buterere, na kila asubuhi anafika karakana suruali ikiwa kichwani, maana njia yote ni maji. Anaivaa mlangoni, anasema "bonjour", kazi inaanza. Dawa ya miguu ya mama nimeipata, atakuletea baharia wa meli. Kwa Mwalimu Atumani unifikishie salamu zenye heshima kamili, na kwa binti yake Asiya zile nyingine, ambazo wewe unajua namna ya kuzipitisha.

Sasa kaa chini. Nimepata mashine.

Kule Zone Industrielle, eneo la viwanda, kuna ghala moja walikuwa wanaondoa vyuma chakavu, wakaniita nisaidie. Nyuma ya mapipa ya lami nikaona kitu chini ya turubai. Kina vyungu vitatu vya pistoni: cha kwanza kama sufuria ya wali, cha pili kama kikombe, cha tatu kama dole gumba. Katikati yake kuna mabomba ya shaba yaliyojikunja kama chango. Mtu asiyekuwa na kazi amekipaka chote rangi ya kijani, hata vioo, kwa hiyo hakina jina wala namba. Wakaniambia chukua, utupunguzie mzigo.

Mimi nilisema ni ya friji. Byamungu akasema ni ya kupulizia dawa kahawa. Tulipozungusha gurudumu lake kwa mkono, ikatoa upepo kwenye kitundu kidogo mno, tukakubaliana ni ya kujaza matairi. Tukaifunga mkanda kwenye mota ya petroli, tukaunganisha mpira na tairi la gari la muuza makaa. Tairi likanenepa, likanenepa, tukalisifu, kisha likapasuka. Gari lilikuwa limejaa makaa, dada. Mtaa wetu wote ukawa mweusi, pamoja na kanzu za Ijumaa zilizokuwa kambani, na wanawake wa Buyenzi bado hawajaamua adhabu yangu. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Byamungu akafuta macho akasema, "Massoudi, iyi mashini haina huruma. Iyi si ya pneu."

Unajua sharti la Mwalimu: kabla hajanipa Asiya niwe na kazi yangu mwenyewe, kazi yenye jina, si kukaa kwenye karakana ya mtu nikisubiri pancha. Amenipa hadi Maulidi. Moyo unaniambia mashine hii ndiyo hiyo kazi. Tatizo ni moja tu, sijajua bado ni kazi gani.

Ndugu yako,
Massoudi


Ujiji
22 Februari 1970

Mdogo wangu Massoudi,

Wa alaykum salaam, nawe uzidishiwe afya. Dawa imefika, mama ameipaka na sasa anatembea hadi kwa jirani kulalamika kwamba haifanyi kazi. Idi imepita vizuri. Tulichinja mbuzi mkaidi, akatukimbia akaingia nyumba ya watu walioalikwa kwetu kula, kwa hiyo wote tulikutana huko. Watoto wanamsalimu mjomba na wanataka kuona gari la makaa.

Salamu za Asiya zimefika. Alikuwa anachambua mchele, nikazisema taratibu, akauchambua tena ule ule uliokwisha.

Ila kwa baba yake nilipata shida. Aliniuliza, "Kijana ana kazi gani sasa?" Nikasema ana mashine. Akasema, "Mashine ya nini?" Nikakohoa. Akasubiri nimalize kukohoa, akauliza tena. Mdogo wangu, siwezi kuwa na kifua hadi Maulidi. Niandikie upesi jambo la kumwambia, nami nitalifikisha kwa namna ya kukupendezesha.

Dada yako,
Sijaona


Bujumbura
9 Machi 1970

Dada Sijaona,

Salamu zichukue kwa jumla uwagawie wote, maana baharia amesimama mlangoni na meli imeshapiga honi.

Nimeijua. Nilikwangua ile rangi ya kijani kwa kisu, kikatokea kibao cha shaba. Nguvu yake ni bar mia mbili. Umesikia, bar mia mbili. Katika Bujumbura yote hakuna mwingine mwenye nazo. Yule Mgiriki wa karibu na bandari alikuja mwenyewe kuangalia, akanikumbatia na mafuta yangu yote. Ana chupa sita, zimekaa tupu mwaka mzima. Kila wiki nitamjazia, na wazungu wengine wakija na chupa zao nitawajazia pia. Byamungu atashika upande wa mabomba.

Mwambie Mwalimu kazi imepatikana, na jina inalo. Honi ya pili hiyo.

Massoudi


Bujumbura
27 Machi 1970

Dada yangu,

Natumaini mu wazima kama tulivyo sisi. Sijapata jibu lako, najua meli ilikwama kwa matengenezo, lakini furaha haiwezi kusubiri meli.

Chupa ya kwanza tumeijaza. Ikatoka na harufu. Mgiriki alipoonja akakunja uso, akasema, "Massoudi, iyi apana. Mi nataka ile haina harufu hata kidogo. Mutu akivuta iyi anaanguka." Ikabidi niitoe yote uani. Kosa si langu: aliyekuwa nayo zamani alitia ndani mafuta ya lori. Nimeifungua mashine nzima, nimeosha kila kipande kwa maji ya moto na sabuni, Byamungu anapangusa huku akiimba nyimbo za kanisani. Mgiriki ameagiza Ulaya mafuta maalumu yasiyonuka, na pete mpya za ile pistoni ndogo.

Usiwe na wasiwasi. Nikimaliza itakuwa safi kiasi kwamba hata Mwalimu akisimama karibu hatasikia kitu.

Mdogo wako mwenye furaha,
Massoudi


Ujiji
5 Aprili 1970

Massoudi,

Salamu natoa kwa sababu ni wajibu. Mama mzima, isipokuwa hali chakula tangu barua zako.

Bar mia mbili. Moja ingetosha kututia aibu. Mji wenu una walevi wangapi, hata wapatikane wa kujaza bar mia mbili? Na chupa sita kwa bar zote hizo, hata kibiashara hukufikiri. Marehemu baba aliadhini msikiti huu hadi sauti ikamwishia, na wewe unakumbatiana na Mgiriki juu ya pombe, na unamwingiza humo na mtoto wa watu aliyekuwa anaimba kanisani kwake kwa amani.

Mwalimu ameshajua. Usiniulize amejuaje, Ujiji ina masikio. Alisema maneno machache: "Sikufundisha watu Kurani umri wangu wote nije nihesabiwe bar kwa jina la mkwe." Harusi ameisimamisha. Barua yako iliyofuata, ile ya harufu, ndiyo iliyomaliza kila kitu, maana sasa imejulikana kwamba unatengeneza pombe isiyo na harufu, ili umpite yeye karibu asijue.

Asiya alitoa mkeka uani akaupiga vumbi mpaka vumbi likaisha, naye akaendelea kupiga.

Sijaona


Bujumbura
14 Aprili 1970

Dada yangu, mama yangu wa pili,

Nakusalimu wewe na mama, na nakuomba umpe mama ale, hakuna pombe.

Nilipofika pale kwenye chupa sita kwa bar mia mbili nilicheka hadi Byamungu akavua kofia, alidhani nimeletewa habari ya msiba. Nikamtafsiria. Akalala juu ya matairi, naye hakuweza kusema kitu isipokuwa "Mama yangu, mama yangu."

Dada, bar ni kipimo cha upepo. Nyinyi, Waingereza waliwaachia paundi, mnasema tairi ina paundi kadhaa. Sisi, Wabelgiji walituachia bar. Tairi la gari dogo ni bar mbili. Mashine yangu inasukuma upepo hadi bar mia mbili, ndiyo maana gari la makaa lilipasuka. Chungu kikubwa kinavuta hewa na kuibana, kinakipa cha pili, cha pili kinaibana zaidi, kinampa mdogo wao. Na zile chupa ni za chuma, nzito kama mtoto wa miaka miwili. Mtu huzivaa mgongoni akaingia nazo ziwani, akavuta hewa kwa mpira huko chini ya maji. Kibao chenyewe kimeandikwa kwa Kifaransa: hewa ya kuvuta. Ilitengenezwa mtu apate pumzi. Ndiyo sababu haitakiwi kuwa na harufu, kwa kuwa hewa chafu huko chini humuua mtu kimyakimya.

Utaniuliza Mgiriki anatafuta nini chini ya ziwa. Anakamata samaki wa ukubwa wa kidole, wenye mistari, anawasafirisha wakiwa hai kwa ndege hadi Ulaya, huko watu wanawaweka kwenye masanduku ya kioo na kuwatazama. Hawawali. Nilimwuliza mara mbili.

Nilipomaliza kucheka nikaogopa. Nampenda Asiya, dada. Naliandika hapa kwa sababu kulisema mdomo wangu hauwezi. Nikimkosa kwa jambo nililofanya nitavumilia, lakini kumkosa kwa sababu ya neno moja lililokaa vibaya kwenye karatasi nitapata kichaa. Kimbia na barua hii kwa Mwalimu. Kisha uniambie, ni nani aliyemwambia?

Massoudi


Ujiji
28 Aprili 1970

Mdogo wangu,

Mungu akuweke. Mama amekula, amekula na cha kwangu. Nisamehe kwa ukali wa barua yangu iliyopita, na ile ya kabla ya hiyo ambayo niliichana.

Barua yako niliipata asubuhi, nikaazima baiskeli ya jirani, nikaenda mbio kwa Mwalimu. Nikamkuta Asiya peke yake. Baba yake alikuwa ameondoka na birika la udhu, mkeka na mwavuli, anakwenda Kigoma kupanda meli ya Bujumbura. Ile habari ya pombe isiyo na harufu imemwudhi kuliko hata bar zenyewe. Wewe uliondoka Ujiji zamani, umesahau pua ya Mwalimu. Mwanafunzi akivuta sigara upande wa pili wa ukuta anamtaja kwa jina. Sasa kusikia kuna kijana anajigamba kwamba yeye hatasikia kitu, aliona ametukanwa.

Nikapiga baiskeli hadi bandarini. Ngazi ilikuwa imeshaondolewa, meli inajitenga, naye amesimama juu na mwavuli. Nikapiga kelele, "Mwalimu, ni upepo. Ni upepo tu." Akaweka mkono sikioni, akanijibu kwa upole, "Ndiyo, ni mzuri leo, tutafika salama."

Basi atakufikia kabla ya barua hii. Mpokee vizuri. Asiya nilimsomea ile barua yako yote, na pale ulipoandika kile ulichoandika nilisoma polepole. Anasema aliupiga ule mkeka bure.

Lakini jambo moja halinipi usingizi. Hiyo hewa ikiwa mbaya inaua, na ya kwanza ilikuwa mbaya. Nani ataivuta kwanza? Nijibu hilo. Kuhusu swali lako la nani alimwambia Mwalimu, naona wino umekuwa mchache.

Dada yako,
Sijaona


Bujumbura
12 Mei 1970

Dada Sijaona,

Salamu nyingi kwa mama na watoto. Mwalimu yupo hapa, mzima, amelala kitandani kwangu na mimi nalala karakana. Wino wako ukipatikana unijulishe.

Aliingia karakana hakunipa mkono. Akasimama katikati na mwavuli, akaangalia pande zote, akasema, "Ziko wapi?"

"Nini, Mwalimu?"

"Hizo mia mbili."

Nikamwonyesha ile saa ya upepo, nimeiwekea kioo kipya. Nikamwambia zimo humo, mshale ukifika pale ndipo mia mbili. Akauangalia mshale, akaniangalia mimi. Byamungu akaja kunisaidia: "Muzee, iyi haina pombe. Iyi ni pumuzi ya mutu." Mwalimu akamwambia, "Washa."

Tukaiwasha, tukajaza chupa moja nusu, tukazima. Nikafungua polepole mbele ya pua yake. Akafumba macho. Mtaa mzima ulikuwa mlangoni, pamoja na muuza makaa, ambaye alisimama mbali kidogo.

"Pombe hamna," akasema Mwalimu.

Nilitaka kubusu mkono wake, lakini alikuwa hajamaliza.

"Ila kuna samaki. Amekaangwa kwa mawese, na vitunguu vimeungua."

Byamungu alitoka mbio akaruka uzio, akarudi na jirani yetu Consolée ameshika mwiko mkononi. Ilikuwa kweli, pamoja na vitunguu. Mashine ilikuwa inavuta hewa ya jikoni kwake na kuitia kwenye chupa. Dada, katika karakana yetu hakuna mwenye pua. Petroli ilituua pua sote zamani. Na mimi nilikuwa nimeshakata shauri kwamba hewa ile ni safi.

Kesho yake tukapandisha bomba la kuvutia hewa hadi juu ya paa. Akanusa, akasema kuna moshi wa mota. Tukalihamishia upande unakotoka upepo. Akanusa, akasema kuna sabuni. Nikafungua yale mabomba ya shaba, nikakuta moja sikulisuuza vizuri. Tangu hapo hatoki. Ametafuta kiti, amekiweka mbele ya mashine, na mteja akiingia anamwambia avue viatu vyake nje kwa sababu vina kinyesi cha mbuzi. Byamungu anamwita "inspecteur" na yeye anaitika. Sala zake anasali kwa wakati, kisha anarudi kwenye kiti.

Habari ya Asiya hajaitaja hata mara moja. Mimi namwangalia yeye, yeye anaangalia mshale. Maulidi ni wiki ijayo, na sijui kama nimesamehewa au nimeajiriwa.

Amenieleza alivyojua. Anasema ulikwenda kwake umevaa kanga mpya, wajumbe wote wa harusi wamekaa, ukasimama ukawasomea barua yangu kwa sauti kubwa, kichwa juu, ukafika kwenye bar ukazipita kwa kasi ile ile, na ulipogundua ulikuwa umeshafika kwenye chupa; ile ya harufu wakaidai wenyewe waisikie. Nimecheka peke yangu siku nzima. Kinyongo sina. Hakuna mtu aliyewahi kunisoma kwa fahari namna hiyo.

Mdogo wako,
Massoudi


Ujiji
24 Mei 1970

Mdogo wangu,

Amani kwako na kwa mgeni wako. Kanga haikuwa mpya sana.

Maulidi imepita. Kasida zilisomwa hadi alfajiri na kila mtu aliuliza Mwalimu yuko wapi. Nikawaambia amekwenda kunusa. Sasa kuna jambo lazima ulijue. Amekuja mtu kutoka Tabora, ana duka la vitambaa, amesikia harusi yako imesimama. Anakuja kumposa Asiya kila siku baada ya alasiri, na kwa kuwa baba hayupo kumjibu, anapewa chai. Ni mtu wa adabu, na hilo ndilo baya. Ameshamaliza sukari ya mtaa.

Asiya ananiuliza mimi baba yake atasema nini. Mwambie Mwalimu arudi au aseme neno moja. Akisema ndiyo, nitajua. Akisema hapana, tutalia, kisha tutajua.

Tena bado hujanijibu nani atavuta hiyo hewa kwanza. Nilikulea mimi, Massoudi. Ukikaa kimya nakusikia.

Sijaona


Bujumbura
7 Juni 1970

Dada yangu Sijaona,

Salamu zako zimefika, zetu hizi hapa, na zikae pembeni kidogo maana habari ni kubwa.

Mafuta ya Ulaya yalifika, na pete za pistoni ndogo, na makaa ya chujio. Si makaa ya kupikia, ni yale yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo, yanayoshika harufu na kubaki nayo. Tuliyapakia kwenye bomba la mwisho, tukafunga kila kitu, tukawasha. Mshale ukapanda. Mia moja, mia moja na hamsini. Mashine iliimba, dada, haikutikisika hata kidogo. Ulipogusa mia mbili nikazima, na Buyenzi nzima ikanyamaza.

Mwalimu akanusa. Akageuza kichwa, akanusa kwa tundu la pili. "Hii haina kitu," akasema, na niliona amesikitika kidogo, maana kazi yake ilikuwa imekwisha.

Sasa nikujibu lile swali lako. Mgiriki alikuwa ameniambia tangu Machi: watu wake hawashuki na hewa hiyo hadi aliyeitengeneza aivute yeye kwanza, mbele yao. Ndiyo desturi ya kazi yao. Sikukuandikia kwa sababu ungekuja na baiskeli.

Ijumaa baada ya sala tulikwenda ufukweni, nyuma ya bandari. Tukaweka chupa juu ya sanduku. Nikashika kile kipande cha kuweka mdomoni. Nilikuwa naogopa, nakwambia ukweli. Nilikuwa namfikiria Asiya na yule mtu wa Tabora na chai yake. Nikafungua mdomo. Mwalimu akanyoosha mkono akakichukua.

"Wewe subiri," akasema. "Sikumlea Asiya aje akae eda kabla ya kuolewa."

Mimi nilikaa mchangani. Akavua kofia yake akanipa niishike, akaketi juu ya sanduku, akasema bismillahi, akaweka kile kitu mdomoni akavuta. Byamungu alikuwa anafanya ishara ya msalaba upande mmoja, muuza makaa anasoma Yasini upande mwingine. Mwalimu alivuta na kutoa, macho yake kwangu, hadi Mgiriki mwenyewe akamwomba aache, itaisha. Akatoa, akapangusa ndevu. "Mwandikie dada yako," akasema. "Bar ni mia mbili kamili, na mimi nimeonja."

Kisha nikaingia ziwani mimi. Kuogelea sijui, kwa hiyo walinifunga kamba kiunoni, Mwalimu akashika ncha. Nilikwenda hadi maji yakanifunika kichwa, na nikavuta. Dada, nilivuta. Pumzi yangu ilikuwa inapanda mbele ya macho yangu kama lulu, na wale samaki wenye mistari wakaja kuniangalia usoni, na mimi nikawaelewa watu wa Ulaya. Nikacheka nikiwa na kitu mdomoni, nikameza maji, nikacheka tena. Hewa ilikuwa haina chochote ndani yake, na mashine niliitengeneza mimi.

Nilipotoka Mwalimu alikuwa ameloa hadi magotini, kamba ameizungusha mkononi mara nyingi. Anasema harusi ifanyike huku, kwa sababu Mgiriki ana chupa za kujazwa kila wiki na yeye hamwamini mtu mwingine kuzinusa. Mlete Asiya. Yule wa Tabora mpe chai ya mwisho, kwa heshima zote.

Massoudi


Ujiji
19 Juni 1970

Mdogo wangu Massoudi,

Mungu akuzidishie kila pumzi uliyovuta. Mama anakusalimu, ameshafunga mzigo wake na ameukalia. Mtu wa Tabora amepokea habari kiungwana, ametupa kipande cha kitambaa cha zawadi, na ameuliza kama kuna mtu mwingine mtaani mwenye binti na sukari.

Nilimwita Asiya nikamsomea barua yako. Nilifika pale baba yake alipochukua kile kitu mkononi mwako, nikaishusha karatasi. Nimelia, Massoudi, na sioni haya. Asiya akaichukua karatasi akaendelea kusoma mwenyewe, kimya, midomo inatembea. Alipofika pale ulipoingia majini akarudi nyuma, akasoma tena.

Akaniuliza, "Dada Sijaona, kule chini alikaa muda gani?"

Nikamwambia hukuandika. Nikamwambia kama anataka nitakuuliza kwa barua hii hii, nilikuwa nimeshashika kalamu.

Akasema, "Acha. Nitamwuliza mwenyewe."

Tunapanda meli Alhamisi.

Sijaona